Mwanangu hasemi, lakini adhana anaisikia

Suali: Assalamu alaykum Bi Mtaalamu, na shikamoo. Niko Wete, ni mama wa watoto watatu. Huyu wa mwisho, mwanamme, ana miaka 2 na miezi 7 na bado hajasema. Maneno yake hayazidi matano: mama, ba, ji akitaka maji, pa kwa paka, na tata, ambayo ni kila kitu kilichobaki. Akitaka kitu hunivuta mkono mpaka kilipo. Tukimwambia jambo anafahamu. Cha ajabu anahesabu Kiingereza mpaka kumi, kajifunza kwenye simu. Mkwe wangu ananambia nisubiri, kwani hata mume wangu hakusema mpaka alipokuwa na miaka minne. Jirani anasema ana udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, na kuna mzee anakata. Wengine wanasema jicho. Masikio yake ni mazima, akisikia adhana hukimbilia mlangoni, na pikipiki ya babake huijua ingali mbali. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu, na kwenye ukoo wetu yuko kiziwi mmoja, ila huyu wetu anasikia. Nifanye nini? Na nikimtia skuli ya maandalizi, hatasema akichanganyika na wenziwe?

Jawabu: Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha si yale maneno matano. Ni adhana.

Adhana inatoka kwenye kipaza sauti. Pikipiki ya babake inanguruma. Vyote viwili ni vishindo, na mtoto ambaye masikio yake yamepungua nguvu kwa kiasi kizuri bado atavisikia. Maneno ya watu hayaji kwa kishindo. S, f, t, k na sh ni pumzi tu, na ndizo zinazotenga neno hili na lile. Fanya hivi leo usiku: jitie vidole masikioni, umwambie bintiyo mkubwa akae upande wa pili wa chumba, akupe mgongo, aseme kwa sauti yake ya kawaida saa, kaa, taa, paa, apange atakavyo mwenyewe. Jaribu kumwambia lipi limetangulia. Utakachopata ni aa, aa, aa, aa. Kiswahili chetu kimejaa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu. Mtoto mwenye masikio mazito huzipata irabu zote na kukosa vile vidogo vinavyozitangulia. Kwa hiyo ukimwita hugeuka, ukiimba hucheza, na nyumba nzima inaapa kwamba anasikia. Nao hawasemi uongo.

Sisemi mwanao ana tatizo hilo. Nasema hujui, na mimi sijui, na hakuna hata mmoja katika wanaokushauri hapo Wete anayejua mpaka apimwe. Kuhesabu kwake Kiingereza hakunitoi wasiwasi. Mrikodi akihesabu, kisha usikilize peke yako bila ya kumtazama. Mara nyingi tunachokisikia ni mlio wa wimbo uliopanda na kushuka mahali pake, na herufi tunamtilia sisi wenyewe. Tena simu huwa karibu na sikio lake kuliko kinywa chako.

Nikwambie kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya tiba ya usemi, mama mmoja aliniletea binti wa miaka miwili. Nilisimama nyuma ya mtoto nikapiga makofi, akageuka. Nikamwambia mama, huyu mzima, rudi akifika mitatu. Alirudi kweli, akiwa na mitatu na nusu, na kipimo cha mashine kikaonesha kwamba sauti nyembamba za juu zilikuwa hazimfikii katika masikio yote mawili, pengine tangu kuzaliwa. Makofi yana upepo, yana kivuli cha mkono, yana sauti za kila aina. Mtoto huokota kipande kimoja kikamtosha kugeuka. Mwaka na nusu wa yule binti ulipotea mikononi mwangu. Tangu siku hiyo sipigi makofi, na wewe ukifika spitali ukapigiwa mwanao makofi kisha ukaambiwa nenda nyumbani, usiondoke.

Jambo la kawaida kuliko yote linalopunguza kusikia kwa umri wake ni majimaji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Hayaumi, hayatoki nje, na huja yakaondoka, ndiyo maana wiki hii mtoto anaonekana mwepesi na wiki ijayo kama aliye chini ya maji. Ukiona analala mdomo wazi na anakoroma, mwambie daktari, maana nyama za nyuma ya pua zikivimba huziba njia ya hewa ya masikio. Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe katika miezi michache, na yakikaidi daktari hutia kijibomba kidogo. Lakini usimtie kitu sikioni: si mafuta ya nazi, si kitunguu thomu, si maziwa ya mama.

La pili ni hilo la ami yako. Mwanangu, hapa simlaumu mtu. Nusu ya ndoa nilizohudhuria mimi ni za watoto wa ndugu. Iko aina ya uziwi ambayo baba anasikia vizuri, mama anasikia vizuri, ila kila mmoja amebeba nusu ya sababu bila ya kujua. Mtu na mtoto wa ami yake wametoka kwa babu mmoja, kwa hiyo ni rahisi zaidi wote wawili kubeba nusu ile ile. Na uziwi huo si lazima uwe wa kutosikia kabisa. Kwa hivyo yule ndugu yenu kiziwi mtaje mbele ya daktari, usimfiche kwa haya. Mtaje pia kama mtoto alikuwa na umanjano mkali alipozaliwa, kama aliwahi kupata degedege au homa ya uti wa mgongo, au kama alilazwa akachomwa sindano siku nyingi, kwani baadhi ya dawa hizo hugusa masikio. Chukua kadi ya kliniki, hata kama imechanika.

Anzia hospitali ya hapo Wete au ya Chake Chake, uombe kwa maneno haya: nataka mtoto apimwe kusikia, na nataka rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo kisipopatikana Pemba, mtaelekezwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kisichokuwepo huko hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tangu 2017 hata watoto wasiosikia kabisa hupandikizwa vifaa vya kusikia. Usiogope kwamba mtoto hajui kujibu. Kuna mashine inayotia kijiziba laini sikioni, ikatoa sauti, na sikio la ndani lenyewe likarudisha mwangwi. Mtoto hana analotakiwa kufanya ila kutulia. Kuna nyingine inayopima kama ngoma ya sikio inacheza au imekwama kwa majimaji. Akikaribia miaka mitatu huweza hata kufundishwa mchezo: ukisikia mlio, tia kijiti kwenye kopo.

Sasa mkwe wako. Hakukwambia uongo. Wapo watoto wanaochelewa wakaja kuwafikia wenzao wenyewe, na si wachache, na kuchelewa huko hufuatana katika familia. Taabu ni kwamba mtoto akiwa na miaka 2 na nusu hakuna awezaye kumtazama akajua kwamba huyu ni mmoja wao. Tena watu hudhani mwanamme ana haki ya kuchelewa. Wavulana kwa wastani huwa nyuma ya wasichana kwa mwezi au miezi miwili. Miaka, hapana. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huwa na kama maneno 50 na huanza kuunganisha mawili. Akifika 3 hata mgeni anafahamu sehemu kubwa ya anayosema. Wa kwako yuko mbali na hapo, kwa hiyo kusubiri mikono mitupu siko nako.

Ila hesabu yake irudie. Nunua daftari dogo, liweke jikoni, uandike wiki nzima kila sauti anayoitumia kwa kitu kile kile kila mara. Ikiwa ng'ombe ni muu na boti ni vuu, na hazibadiliki, hayo ni maneno, yaandike. Kina mama wengi wananiletea matano, daftari linaleta kumi na nne. Na akiunganisha, usimngojee aseme nataka. Kwetu nataka peke yake ni sentensi kamili, na watoto wetu huanza kwa kudondosha vichwa vya vitenzi: taka maji, baba enda, vaa kofia. Hiyo tayari ni hatua kubwa.

Unasema anafahamu. Nakuomba tena uhakikishe. Sisi kina mama tukisema lete viatu huwa tunavitazama viatu, na kidole tayari kimeshanyooka. Mtoto anasoma macho yetu. Kaa chini, ficha mikono ndani ya kanga, mtazame yeye tu, umwambie: kamchukulie dada kofia ya baba. Usirudie kwa ishara. Akiifanya hiyo, na nyingine kama hiyo ambayo hakuizoea, moyo wangu unatulia kidogo, kwa sababu mtoto anayefahamu maneno mengi ana matumaini mazuri zaidi kuliko asiyefahamu.

Jengine hukuliandika, nalo ni kidole chake. Je, humwonesha mtu kitu asichokitaka, kwa furaha tu? Ndege inapita juu, ananyoosha kidole, kisha anakugeukia aone kama nawe umeiona? Akiitwa jina hugeuka hata anapocheza? Ikiwa hafanyi hayo, anakuvuta mkono kama mtu anavyovuta kamba ya ndoo na wala hakutazami usoni, mwambie daktari waziwazi, wamchunguze usonji. Na ikiwa alikuwa na maneno yakapotea, hilo halingoji miadi; nenda wiki hii hii.

Udata. Mwambie atoe ulimi, au mpake asali kidogo juu ya mdomo uone kama anailamba. Ulimi ukifika kwenye mdomo, basi yamekwisha. Hata mtoto mwenye udata wa kweli hushindwa herufi moja mbili, pengine r au l, au alisumbuka kunyonya. Hashindwi kuwa na maneno. Ulimi haujui maneno, kichwa ndicho kinachoyajua. Huyo mzee mwenye wembe, wa udata au wa kimeo, asimguse. Chini ya ulimi pana mishipa ya damu minene, na wembe huleta pepopunda.

Jicho: msomeeni, mpeni kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, mwombeeni dua. Hakuna linalopingana na kipimo cha masikio. Ila visifuatane kimoja baada ya chengine. Vyende pamoja, wiki moja.

Simu itoe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Kwa mwanao mimi naipunguza mpaka wiki chache asiione kabisa, isipokuwa anapozungumza na jamaa aliye safarini, kwani huyo angalau anamjibu. Na Kiingereza cha katuni pamoja na Kiarabu cha chuo cha Kurani havimchelewishi mtu. Watoto hubeba lugha mbili na tatu bila ya kuumia. Kasoro ya katuni ni kwamba haingoji jibu.

Kungoja ndiyo kazi yako kubwa nyumbani, na nataka uione kwa macho. Siku moja nilikwenda nyumba moja ya Ng'ambo, hapa Unguja. Uwani bibi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mjukuu wa umri wa mwanao amesimama pembeni, na dadake wa miaka saba anamchunga. Mtoto akanyoosha mkono. Kabla mkono haujafika, dada: "Anataka nazi, bibi!" Bibi akamkatia. Mtoto akatafuna, akanyoosha tena. "Anataka nyengine!" Mara nne, na yule mtoto hajafungua kinywa ila kwa kula. Kwa nini asumbuke? Ana msemaji wake.

Nikamwomba dada aje akae nami tuhesabu vifuu. Bibi nikamwambia: kipande kishike karibu na uso wako, mtazame, na unyamaze. Bibi akacheka, kunyamaza kwa wazee wetu ni adhabu. Akakishika. Mtoto akanyoosha mkono, akaguna. Akamtafuta dadake. Nahesabu kimoyomoyo, tatu, nne, tano. Akatazama nazi, akamtazama bibi. Saba, nane. "Na." Bibi hapo hapo: "Nazi! Nazi tamu," na akampa. Mara ya pili ilikuwa sita. Mara ya tatu mtoto alisema kabla ya mkono.

Tazama bibi alichokifanya. Hakusema "sema nazi". Neno hilo sema nataka liondoke nyumbani kwako, na kila mtu aliondoe, mpaka wajomba. Mtoto akiambiwa sema mbele ya wageni hufunga mdomo kama chaza, na kila akifunga anajifunza kwamba maneno ni mtihani. Badala yake ngoja mpaka kumi, kwa uso wa kutarajia, na akitoa sauti yoyote ichukue kama neno, umrudishie likiwa kamili na kipande kimoja zaidi. Akisema pa, wewe: paka. Paka kalala. Akisema ji: maji. Maji baridi. Usimwambie arudie. Na kama kumi imefika hakusema, sema wewe na umpe. Maji hayazuiliwi kwa ajili ya somo.

Mpe pia sababu. Shika embe mkono huu na ndizi mkono huu: embe, au ndizi? Mwekee kopo analolipenda mahali analiona halifikii. Mtilie chai funda moja kikombeni, kisha utulie. Vaa kiatu chake wewe kidoleni, umwone atakavyokasirika, na hasira ya namna hiyo mara nyingi hutoka na neno. Kuna maneno nyumbani kwetu ambayo yana jibu lake tayari, yatumie: jifiche nyuma ya mlango, hodi! kisha kimya, mpaka mtu aseme karibu, mwanzoni dada, baadaye yeye, hata akisema bu. Kabla ya kula anza bismi, usimalize. Usiku paukwa, na pakawa muachieni yeye. Mambo hayo yana mdundo, hurudi kila siku kwa njia ile ile, na mtoto mzito wa kusema huingia kwenye kitu anachokijua kinapoishia.

Akionesha kwa ishara, mwachie. Watu huogopa kwamba ishara zitamzoesha uvivu. Hapana, mkono hutangulia na kinywa hufuata. Wewe weka neno juu ya ishara yake.

Usitenge saa ya darasa. Robo saa asubuhi anapooga na robo saa jikoni, kila siku, redio imezimwa, wewe uko chini mkekani macho kwa macho naye. Bintiyo mkubwa mpe kazi ya heshima: yeye ndiye wa kuhesabu mpaka kumi. Ukimwambia tu anyamaze hataweza.

Maandalizi bado. Huko mtoto huanza akiwa na kama miaka minne, na darasa lenye watoto arobaini na mwalimu mmoja si mahali pa kumtafutia neno la sita mtoto wa miaka 2 na miezi 7. Atakaa pembeni na wataandika kwamba ni mtulivu. Wenziwe awapate uwani, wawili watatu, wakipika vifuu vya mchanga. Akifikia umri wa skuli mtie, hata kama bado anasema kidogo, na umwambie mwalimu amkalishe mbele. Wataalamu wa tiba ya usemi tuko wachache visiwani na Bara, kwa hiyo unapopewa rufaa ya masikio uliza pale pale na hilo, jina lake liandikwe mapema, na daftari lako la jikoni ulilete.

Moja la mwisho kuhusu safari. Kuna kipimo cha kusikia kinachofanywa mtoto akiwa usingizini. Ukiandikiwa hicho Unguja na ukapanda boti ya Mkoani siku hiyo hiyo, hakikisha halali njiani. Mchukulie biskuti, mwoneshe mawimbi, mtembeze juu chini na watu wakutazame watakavyo, lakini usingizi wake aufikishe mpaka kwenye kitanda cha mashine.